Benchi la Katikati

Vijana wa kikosi cha bustani na barabara wameniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, sasa nikiwa nimerudisha koleo na funguo za ghala. Nadhani wanataka sifa. Anayetaka sifa aende biro, ofisini kwa wakubwa, picha za mabwana zimepangwa ukutani, kila mmoja ameshika kofia yake kana kwamba ni yeye aliyepanda miti. Mimi nitaandika niliyoyaona, na mengi ya niliyoyaona yalikuwa upumbavu. Upumbavu wangu nao umo, nimeuweka mahali pake.

Nilianza Kabambare, nikiwa nimetoka shule ya misioni na herufi zangu nzuri. Leta, maana ndivyo sisi tunavyoiita serikali ya Wabelgiji, iliziangalia herufi zile ikanipa ndoo ya chokaa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupaka mawe. Yalikuwa yamepangwa mistari miwili kutoka barabarani hadi nyumba ya wageni wa Leta, na kila Jumamosi niliyapaka meupe. Mvua ikinyesha Jumapili, Jumatatu naanza upya. Siku moja nikamuuliza kapita, msimamizi wetu, mawe haya yanafanya kazi gani. Akasema yanaonyesha njia. Njia yenyewe ilikuwa pana ya kupishana magari mawili, na gari tulilingoja mpaka tunalisahau. Mtu aliyeshindwa kuiona njia ile asingeyaona na mawe.

Naona mpaka leo mnayapaka. Hongereni.

Aliyenitoa kwenye ndoo ya chokaa ni Mzee Shabani. Alikuwa muungwana wa Kasongo, wa zile familia za Kiislamu za mjini, mtu mwembamba mwenye kofia safi kuliko shuka za daktari. Leta ilimtuma Kabambare kupanga soko jipya, ikampa mimi nimsaidie. Nilitegemea aje na vyombo. Alikuja na mkebe mkubwa wa mafuta uliotobolewa matundu chini kwa msumari, basi.

Siku ya kwanza akanipa mkebe akaniambia nipite nyumba kwa nyumba niombe majivu. Nikamwambia jiko la nyumba ya wageni lina majivu ya kutosha, hata mikebe mitatu.

"Majivu ya nyumba moja iko majivu tu," akasema. "Nenda uombe."

Nikaenda, nimenuna. Mtu aliyesoma kwa mapadri anabisha hodi kuomba majivu! Lakini majivu hayaombwi kwa neno moja. Unasalimia, unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, ya nini majivu, soko litahamia wapi, na kwa nini. Mkebe ulipojaa nilikuwa nimejua ni mama yupi mguu wake unauma asiweze kupanda kilima, na kwamba wauza samaki na wauza nyama hawajasalimiana tangu mvua zilizopita, na kwamba njia ya nyuma haipitwi na wakwe. Nilirudi nimechoka kwa maneno. Mzee Shabani akaniuliza yote, moja baada ya jingine, naye akaukung'uta mkebe kiwanjani alasiri ile, majivu yakatanda mepesi kama unga kwenye ungo.

Kesho yake watu walipita kama kawaida yao. Kabla ya adhuhuri akaingia, mikono mgongoni, akasoma. Nyayo za mama mwenye mzigo zinazama kisiginoni. Za mtoto hazina maana, anakwenda na kurudi. Za mbuzi usizifuate, mbuzi hana haraka.

"Unaona?" akaniambia. "Hawa wote wanakataka kona hii. Sasa wewe ukipanda muti hapa, umepanda ugomvi."

Hapo ndipo alipotoa kamba na vigingi. Soko lile halikuwa na pembe mraba hata moja, na halikuwahi kuleta kesi. Mzungu wa ukaguzi alilitazama akasema limepinda.

Mzee Shabani akanihamisha naye Kasongo. Mliozaliwa juzi hamjui mtaa wa waungwana ulivyobanana wakati ule: ukuta kwa ukuta, baraza kwa baraza, mtu akipiga chafya huku anaombewa heri kule. Sehemu tupu zilikuwa chache, nazo kila moja ilikuwa na kazi, ila kazi yenyewe haikuandikwa popote, kwa hiyo biro ikaona ni tupu. Tulifanya vitu vidogo. Kwenye chemchemi ya chini tulijenga ukingo wa mawe wa kuwekea ndoo. Mzee Shabani hakupima kwa futi. Alimwomba mama mmoja asimame pale na ndoo kichwani, aishushe polepole, na mahali mikono yake ilipochoka akasema, "Hapa." Ukingo ule bado upo. Hakuna bwana aliyepigwa picha mbele yake, kwa kuwa haupendezi. Unafaa tu.

Macho yake yakaanza kufifia, Leta ikamwambia apumzike. Nyumba yake ilikuwa mtaani humohumo, mlango ukitazama kiwanja walichokiita cha Mama Mwavita. Nami nikawa kapita, nikapewa viatu vizito na mkanda wa kupimia wa chuma, ule unaojikunja wenyewe ndani ya ngozi. Watu wakaniita Kamba. Nilifurahi, nikidhani ni heshima. Mkebe niliuweka ghalani, kuku wakautagia mayai.

Sasa nifike kwa Bwana Majani. Jina lake la kweli halina faida kwenu. Alikuwa ajenti wa Leta, Mzungu kijana aliyeletwa kutengeneza mji, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama majani mafupi yaliyokatwa. Alikuwa na karatasi kubwa kutoka Leopoldville, imechorwa bustani ya duara, njia nne zikiingia, njia pana ya mviringo katikati, benchi la saruji la mviringo ndani yake, na mnazi wa mapambo ndani ya benchi. Aliniambia ni mahali pa wenyeji kupumzika jioni. Nilimwuliza bustani hii itakaa wapi. Akaweka kidole kwenye ramani, kidole kikafunika kiwanja cha Mama Mwavita chote, na nyumba kumi zikabaki nje ya ukucha.

Niwaambie kiwanja kile kilikuwa nini. Mama Mwavita alikuwa mjane, mkulima wa mpunga, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye na wanawake wa nyumba zile kumi walikuwa na sakafu pale, ya udongo wa kichuguu uliokandwa na kupigwa kwa mibao mpaka ukawa mgumu kama chungu. Mama zao ndio waliopiga tabaka ya kwanza, na kila kabla ya mavuno wao walipiga nyingine juu yake. Hapo waliuanika mpunga na kuupepeta. Na mpunga huo ni Leta iliyowalazimisha kuulima, ikituma askari kuukagua shambani. Leta hiyohiyo sasa inataka kuivunja sakafu ya kuuanikia, ipande majani ambayo hata mbuzi hatakiwi kuyala. Msiniulize mkono wa kushoto wa Leta ulikuwa unajua nini. Haukujua.

Mzee Shabani alisikia. Akaniita kwake, akanikaribisha, akanipa kahawa.

"Anzelemu, watu wanasema utavuta kamba hapa mbele ya mulango wangu."

"Ndiyo, Muzee. Ni kazi ya Leta."

"Sikukatalii kazi ya Leta. Mukebe uko wapi?"

Nikamwambia siku hizi tuna mkanda wa chuma. Akaugeuza uso wake upande ninapokaa, ingawa hakuniona vizuri.

"Omba majivu kwanza," akasema. "Nyumba kumi tu. Wakikukatalia, utajua. Wakikupa, utaona mahali wanapitaka, nawe utasogeza ile duara kidogo. Bwana hatajua. Karatasi haina macho."

Hilo lilikuwa neno la kweli kabisa. Kiwanja kilikuwa kirefu. Duara ingesogea hatua kumi na mbili upande wa msikiti, sakafu ingepona, na Bwana Majani asingetambua mpaka kufa kwake. Kilichonizuia ni haya. Mimi, kapita mwenye viatu, nibishe hodi tena na mkebe wa kuku? Asubuhi nilipiga kigingi changu cha kwanza katikati ya sakafu, kikagoma kuingia mara tatu, nikaleta nyundo nzito. Nikavuta kamba. Ilinyooka mpaka Bwana Majani akapiga mluzi. Kisha watu wangu wakaingia na majembe. Wanawake walisimama milangoni. Mama Mwavita aliokota bonge la sakafu, akaliingiza ndani kwake.

Mavuno yakafika, majani yakawa yameota vizuri na kibao kimesimama: KUKANYAGA NI MARUFUKU. Mpunga ukaanikwa kwenye mikeka vichochoroni, kuku wakala, wapita njia wakakanyaga, na mvua ya ghafla ikanyesha. Mpunga wa Mama Mwavita ulichipua kwenye mkeka. Nilipita, nikauona umekuwa kijani, nikatazama upande mwingine. Na askari wa Leta alipokuja kuuliza mpunga, hakukubali habari za sakafu.

Bustani ikabaki na benchi lake, na hakuna mtu wa mtaa aliyelikalia hata siku moja. Bwana Majani alihuzunika. Aliniuliza kama saruji ina joto, kama kimo kimezidi. Alimkalisha mke wake ili watu waone mfano. Watu waliona, wakarudi kukaa kwenye baraza zao, mgongo ukutani, wakiitazama bustani kutoka pande zote kama watu waliofika msibani.

Mimi nilijua sababu. Mtoto yeyote wa mtaa ule aliijua. Kwetu watu wakiwa na neno, wazee hukaa kwenye baraza kuzunguka kiwanja, mgongo ukutani, na katikati hukaa mmoja tu: yule anayeshtakiwa. Mtu mwenye akili timamu hakai katikati bila kuitwa. Leta ilikuwa imetumia mifuko ya saruji kuwajengea watu wa Kasongo kiti cha mshtakiwa cha mviringo, chenye nafasi ya washtakiwa kama ishirini, ikangoja wakapumzike. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilimdharau, na dharau ni tamu usipoangalia inakupeleka wapi. Nyani haoni kundule.

Siku ya kufungua bustani rasmi, baada ya mavuno yale, mkuu wa teritware, wilaya yetu, alikuja, akakata utepe, akasema maneno, akaenda kunywa kitu baridi. Watu walikuwa wameamriwa kuhudhuria, nao walihudhuria: wamejaa kwenye baraza zote kuzunguka, migongo ukutani. Bwana Majani akabaki nyuma. Alikuwa amefurahi. Akavuka majani yake kwa njia iliyoruhusiwa, akafika katikati, akakaa kwenye benchi, akatandaza mikono pande mbili, akatabasamu.

Mzee Shabani, asiyeona, akamuuliza jirani yake jambo. Jirani akamjibu. Mzee akakohoa.

"Bwana ameikala katikati," akasema kwa sauti ya baraza. "Ni yeye mwenyewe ameikala, hakuna mutu amemuita. Nani iko na neno juu yake?"

Bwana Majani alijua Kiswahili cha kutosha. Nadhani alidhani ni sherehe. Akaitikia kwa kichwa. Mama Mwavita akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Miye niko nayo. Bwana, mbele ya kupanda majani, ulikuta nini hapa?"

"Udongo," akasema Bwana Majani kwa moyo mweupe. "Udongo mugumu sana. Majembe mawili ilivunjika."

"Huo udongo ni mama yangu aliupiga. Tunaanikaka mupunga pale. Mupunga wa Leta. Nani alikuonyesha mahali hapa?"

"Karatasi. Ilitoka Leopoldville."

"Karatasi inajua mupunga?"

Akacheka kidogo, akafikiri. "Hapana. Haijui."

Mnong'ono ukapita kwenye baraza. Mshtakiwa alikuwa anajibu vizuri, bila kupindisha. Wazee wetu wengi hawajibu hivyo.

"Basi nani alivuta kamba?"

Bwana Majani akaangaza macho, akaniona nimesimama na mkanda wangu kiunoni, akang'aa.

"Huyu! Kapita wangu Anzelemu. Mutu muzuri. Alivuta yote yeye peke yake, sawa kabisa."

Akasimama kwa adabu ya kwao, akanishika bega, akanikalisha mahali pake mbele ya mtaa mzima. Kisha akaenda kusimama pembeni, mgongo kwenye ukuta wa Mama Mwavita, mikono kifuani, tayari kusikia nikisifiwa. Alikuwa amejihukumu na kujiachilia huru kwa dakika moja, na wala hajui mpaka leo. Mimi nikabaki kwenye saruji. Ilikuwa na joto, kweli.

"Anzelemu," akasema Mzee Shabani. Hakupandisha sauti. "Nilikufundisha kazi?"

"Ulinifundisha, Muzee."

"Mbele ya kuvuta kamba, uliomba majivu?"

"Hapana, Muzee."

"Walikukatalia?"

"Sikuwaomba."

"Sababu gani?"

Ningeweza kusema Leta. Leta ilikuwa imebeba dhambi nyingi, moja zaidi isingeiangusha. Lakini macho ya nyumba kumi yalikuwa mgongoni kwangu na mbele yangu, hakuna pa kugeukia, na ndiyo maana wazee waliweka kiti pale.

"Nilikuwa na haya ya kubeba mukebe," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Wazee wakaongea chini kwa chini, kisha Mzee Shabani akatoa hukumu. Majani si yangu, siwezi kuyatoa. Lakini njia ya mviringo inayozunguka benchi ilikuwa pana na haikukatazwa kukanyagwa. Nitaleta udongo wa kichuguu, niukande na kuupiga kwa mikono yangu mwenyewe, si kwa mikono ya watu wangu, mpaka Mama Mwavita aseme umekuwa sakafu. Na kila mavuno, alfajiri, nitaifagia kabla mpunga haujamwagwa.

"Mupaka lini?" nikauliza.

"Mupaka yeye aseme," akajibu, akielekeza kidevu upande wa Mama Mwavita.

Bwana Majani akapiga makofi.

Nilipiga sakafu ile kwa majuma mengi, baada ya saa za kazi, viatu nimevivua. Mara mbili Mama Mwavita alimwaga maji akaona nyufa, akaniambia nibomoe. Mara ya tatu alileta lile bonge aliloliokota, akalisaga, akalichanganya mwenyewe kwenye tabaka ya juu. Katika ripoti niliandika kwamba njia imeimarishwa kwa udongo wa mahali, na Bwana Majani akaisifu kwa wakubwa wake. Mavuno yaliyofuata mpunga ulitandazwa duara zima, wa dhahabu, ukizunguka benchi tupu, na kibao cha marufuku kikiwa pembeni kikilinda majani. Alipouona, alidhani ni desturi ya mapambo. Akaleta wageni.

Aliondoka. Walikuja wengine, mmoja anapenda mikaratusi, mwingine maua mekundu, mwingine hapendi kitu. Wote waliniuliza kwa nini njia ile ni safi kuliko nyua za misioni, nami niliwajibu ni nidhamu. Mzee Shabani alikufa. Tulimzika kwa heshima, na kwa mara ya kwanza tangu niwe kapita niliutoa mkebe ghalani, nikausafisha mavi ya kuku. Tangu hapo sikupiga kigingi bila majivu. Mnajua, mlinicheka. Mliona kapita mzee anabisha hodi, mkasema amerudi utotoni.

Siku yangu ya mwisho palikuwa na hotuba biro, sitaiandika, haikuwa na kitu. Yalikuwa mavuno. Kesho yake, ingawa sikuwa tena mtu wa Leta, nilichukua ufagio nikaenda. Mama Mwavita amezeeka sasa, hapepeti tena, anawaamuru wajukuu. Nilimaliza kufagia, nikangoja kama kawaida yangu, nimesimama karibu na benchi. Tangu siku ile ya hukumu sikuwahi kukaa popote kiwanjani pale, na hakuna aliyewahi kunikaribisha.

"Kamba," akaita. "Wamekuachisha kazi?"

"Wameniachisha, Mama."

"Na umekuya kufagia."

"Hujasema basi."

Akasogea kwenye baraza yake, akapangusa mahali kwa kiganja.

"Acha huo ufagio. Kuya uikale huku, kwa ukuta."

Nikaenda, nikakaa, mgongo wangu ukagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi. Wajukuu walikuwa wakipepeta, na vumbi la pumba lilitanda kila mahali, jepesi kama majivu, juu ya sakafu na juu ya majani ya Leta. Wanawake walipita na mizigo, visigino vikazama. Nilizisoma zile nyayo, kama nilivyofundishwa. Zilikata bustani kutoka pembe hadi pembe, chini ya kibao, zikaenda kugonga benchi moja kwa moja, zikalizunguka, zikaendelea. Duara ingesogezwa hatua kumi na mbili tu upande wa msikiti, na njia ya watu ingepita wazi. Nilitaka kumwambia Mama Mwavita, lakini yeye alikuwa akiijua tangu utoto.